Mshika Waya

Mchana ule haukuwa na neno. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, magauni ya harusi ya watu yamemjaa mapajani, na mama mkwe wake alikuwa chumbani, kitandani, redio yake juu ya kigoda karibu na mto. Hizi ni habari za kabla simu hazijaingia kila mfuko. Mtu akifa mbali, ndugu zake waliambiwa na redio, na bibi huyu hakukosa matangazo ya vifo hata siku moja. Miguu ilishamkatalia, lakini masikio yalikuwa mazima. Mtaa mzima ulimwita Mama Tanzia. Ukitaka kujua kama fulani bado yu hai, ulipita kwake kwanza.

Tatizo lilikuwa redio yenyewe. Antena ilivunjika zamani, na mwanawe, ambaye kazi yake ni uashi, alifunga waya wa shaba ukapita dirishani mpaka kwenye bati la paa. Wapi. Ilikoroma, ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikaleta stesheni mbili kwa pamoja, huyu anahubiri na yule anatangaza mpira. Dawa ilikuwa moja tu: mtu asimame dirishani aubane waya kwa vidole. Hapo sauti ilinyooka. Akiachia, makoromeo yanarudi. Na kwa kuwa mwashi alishinda kazini, mtu huyo alikuwa mke wake, mshonaji.

"Mwanangu, njoo unishikie."

Kila siku, baada ya chakula cha mchana. Aliacha sindano katikati ya mshono akaenda kusimama, mkono juu, akisikiliza majina ya marehemu asiowajua na wafiwa wao na wapwa zao, mpaka vidole vinakufa ganzi. Huku nje wateja wanapiga hodi. Hakumchukia bibi, tusimsingizie. Aliuchukia ule waya.

Siku hiyo magauni yalitakiwa jioni na hata pindo hazijaguswa. Akazunguka nyuma ya nyumba na mkasi wake, akaukata waya juu ya dirisha. Kisha akaingia chumbani, uso mkavu.

"Mama, leo kituo kimefungwa. Mitambo yao imeharibika."

Bibi alimtazama kidogo. "Kimefungwa? Haya, mwanangu. Kashone."

Akashona, na magauni yakapendeza. Kesho yake aliuunga waya kimyakimya, na akasimama kuushika muda mrefu kuliko kawaida, bila kuitwa.

Wiki haijaisha, akaja mpwa wa bibi kutoka mbali, mtu mzima mwenye ndevu. Hata maji hakunywa.

"Mama mdogo, tulikutangazia redioni," alisema. "Tulikusubiri mpaka jua linakuchwa, ndipo tukamzika."

Aliyezikwa alikuwa dada yake bibi, wa pekee aliyekuwa amebaki katika tumbo lao. Lau tangazo lingesikika, mwashi angembeba mama yake mgongoni, lakini angefika. Mpwa alipoondoka, bibi alimwita mkwe wake.

"Siku ile kituo kilifungwa kweli?"

"Kweli, Mama."

"Haki ya Mungu?"

Mshonaji angeweza kusema ukweli hapo hapo. "Haki ya Mungu."

"Basi," bibi akasema, akageukia ukutani. Hakuomba tena kushikiwa waya. Mwezi haukuisha, naye akazikwa.

Waombolezaji wakatawanyika, nyumba ikawa kimya. Mwashi alikuwa bado hajarudi kazini. Mchana alikaa uani akikwangua kwangua mwiko wake usio na uchafu. Mke wake alirudi kwenye cherehani, lakini mshono ulimpinda kila mara. Moyoni aliona kama amemuua mtu, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja, baada ya chakula, redio ikakoroma chumbani.

Mwashi akachungulia kutoka uani. "Umeiwasha wewe?"

"Nilidhani wewe."

Wakaingia pamoja. Kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Redio ilikuwa pale pale juu ya kigoda, inakwaruza. Mwashi alinyoosha mkono aizime.

Sauti ikanyooka.

Ikawa safi, kama mtangazaji yumo chumbani. Mshonaji akatazama dirishani. Waya ulikuwa umeinuka kutoka ukutani. Umekaza. Mahali pamoja ulikuwa umebinyika, pale pale vidole vinapokaa. Hapakuwa na mtu.

Mtangazaji akataja jina la dada yake bibi. Akataja kijiji chake. "Habari zimfikie mdogo wake, popote alipo. Mazishi ni kesho."

"Hilo tangazo ni la lini?" mwashi akanong'ona.

Mshonaji alitaka kukimbia. Badala yake akarukia dirisha ili aung'oe waya. Akaushika.

Na yeye akashikwa.

Kiganja kikavu, chepesi, kilimkaa kwenye kifundo cha mkono. Hakikumbana sana. Kiliutuliza tu mkono wake pale kwenye waya, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kalamu. Tangazo likaanza upya. Likaisha. Likaanza tena. Vidole vikafa ganzi. Akavuta mkono. Haukutoka.

"Mazishi ni kesho," redio ikasema.

"Ni mimi," mshonaji akanong'ona. "Kituo hakikufungwa. Niliukata waya kwa mkasi wangu. Nikaapa uongo. Nisamehe, Mama."

Redio ikanyamaza. Mkono ukawa wake.

Mwashi aliketi kwenye chaga za kitanda.

"Mama alijua," akasema taratibu. "Aliusikia mkasi. Alinikataza nisikuulize. Alisema wewe si mtu mbaya, utasema mwenyewe, na yeye atasubiri."

Ni heri angempiga. Mshonaji alikaa chini pale dirishani akalia kilio ambacho msibani hakikumtoka.

Jioni, alipokuwa akinawa, aliona alama kwenye kifundo cha mkono: vidole vinne upande mmoja na gumba upande wa pili, rangi ya kijani kama kutu ya shaba. Alisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Hazikutoka, na mpaka leo zipo. Mume wake huziona kila anapopewa chakula, na hajawahi kuuliza.

Basi mshonaji akajishonea blauzi za mikono mirefu, zenye kubana kifundoni kwa vifungo, akawa anazivaa mbele ya watu hata wakati wa joto kali. Wateja waliziona wakazipenda. Sasa nusu ya wanawake wa mtaa ule wanavaa hivyo, nao humsifu kwamba mtindo ule ameutoa mbali.