Mahali Pazuri kwa Mashua, Mahali Pazuri kwa Watu

Kila asubuhi, majirani wa Josias kule Majengo, mtaa wa Goma, husikia randa yake kabla ya kusikia redio. Josias ni seremala. Anatengeneza viti, meza na vitanda. Mke wake, Kasoki, anapaka vanishi na kuzungumza na wateja.

Mwaka huu Josias alitengeneza kitu kipya. Alitengeneza mashua. Dada ya Kasoki anakaa Kalehe, kwenye ukingo wa ziwa Kivu, na kule watu wanataka viti. Lakini barabara ni mbaya. Viti vinafika vimelegea miguu.

Jirani yao Bashige alikuja kuangalia kazi.

"Fundi wa vitanda," alisema, "hiyo nayo mutalala ndani?"

"Tutalala," Josias alijibu. "Na haitapiga kelele kama kitanda chako."

"Kitanda changu ni wewe ulitengeneza."

Kasoki alicheka mpaka akaacha brashi.

Shule zilipofungwa, familia yote iliondoka kwa maji. Charline ana miaka kumi. Mdogo wake, Prodige, ana miaka mitano. Walibeba viti, mahindi ya kuchoma, na kuku mmoja wa kumpelekea dada ya Kasoki, kwa maana nyumba ya dada haiingiwi mikono mitupu. Tanga lilikuwa la turubai. Upepo ukipungua, Josias na Kasoki walipiga kasia. Safari hiyo haimalizwi kwa siku moja. Lazima kulala njiani.

Alasiri, walipokwisha kupita Bulengo, Josias alianza kutafuta mahali pa kulala. Nanga yake ilikuwa jiwe zito lililofungwa kamba. Alilitupa karibu na ukingo. Kamba ilishuka, ikashuka.

"Kamba imeisha, papa Charline," alisema Kasoki. "Jiwe halijafika chini."

Ziwa Kivu lina kina kirefu, mara nyingi hata karibu na nchi kavu. Josias alivuta jiwe, wakaendelea.

Kisha waliona ghuba ndogo, mahali ambapo maji yanaingia ndani ya nchi kavu. Kuta za mawe meusi ya volkano zilizuia upepo pande zote. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Josias aliguswa moyoni. Mashua yake ya kwanza, na tayari ameipatia mahali kama pale.

"Angalia, mama Charline. Hata nikiweka nivo yangu ya kupimia usawa juu ya haya maji, itasema sawa."

Walifunga mashua. Nyuma ya ukingo kulikuwa na bonde dogo lenye majani ya manjano. Kasoki aliona ni pazuri kwa kutandika mikeka.

Mwanamke mmoja alikuwa anapita kwenye njia ya juu, jembe begani, fungu la mboga ya lengalenga mkononi. Aliitwa Nyiransabimana. Alikuwa mkulima, na nyumba yake ilikuwa juu ya kilima.

"Jambo, mama. Jambo, papa," alisema. "Munapumzika ao munalala?"

"Tunalala," alijibu Josias. "Tumepata fasi nzuri."

"Ni fasi nzuri kwa mashua. Kwa batu, hapana. Hapo kuko mazuku."

Josias alitabasamu kwa heshima. Mtu wa Goma hawezi kukosa kusikia habari za mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua watu. Lakini yeye aliamini iko mbali, huko juu kwa volkano.

"Mama, hapa hakuna hata harufu."

"Haina harufu, papa. Haina rangi. Ndiyo maana inakamata batu."

"Lakini tumekaa hapa na tunapumua."

"Munapumua juu. Iko chini."

Walipokuwa wanazungumza, Charline alikuwa amemfungua kuku ili ale. Kuku alishuka ndani ya bonde akidonoa. Alipiga hatua chache. Kisha aliyumba, akakaa, akalaza kichwa kwenye majani.

"Kuku analala," alisema Prodige, na akakimbia kumchukua.

Kasoki hakufikiri. Alimshika shati kwa nyuma na kumwinua juu. Mtoto alilia. Josias naye alipiga hatua moja kwenda chini.

"Papa, simama," alisema Nyiransabimana, bila kupaza sauti. "Usishuke. Hapa, batu balikufa kwa kufuata mbuzi. Bengine balikufa kwa kufuata ule aliyefuata mbuzi."

Josias alisimama. Kuku hakuinuka tena.

Wote walipanda juu ya njia. Kasoki alikuwa bado amemkumbatia Prodige.

"Tuelezee, mama," alisema Josias. "Mimi najua mbao. Hii siijui."

Nyiransabimana aliweka jembe chini.

"Hewa hii ni nzito. Inakaa ndani ya shimo kama maji ndani ya beseni. Mutoto ni mufupi, inamufikia kwanza. Mutu mwenye kulala, inamufunika. Jua na upepo vinaipunguza. Jioni, usiku na asubuhi, upepo ukinyamaza, inajaa."

"Na ndani ya mashua?" aliuliza Kasoki.

"Mashua iko chini kabisa, mama. Na kuta hizi zinazuia upepo."

"Mutu atajuaje?" aliuliza Josias.

"Angalia majani yaliyokauka fasi moja tu. Angalia mijusi, ndege na wadudu waliokufa. Bengine banashusha kijinga cha moto ndani ya shimo. Moto ukizima, toka mbio. Lakini usipozima, usiseme ni salama. Uliza batu ba pale. Na mutu akianguka, ita batu. Mumuvute kwa kamba ao muti mrefu, nyinyi mukiwa juu."

Josias aliitazama ghuba kwa muda. Alikuwa amechagua kwa macho ya seremala. Alitaka mbao zake zisigongwe.

"Basi tulale wapi?"

"Mashua muifunge pale kwenye ncha ya nchi kavu inayochomoza ziwani, fasi upepo unapita. Nyinyi mutalala kwangu, juu."

Josias alipita juu ya mawe, si bondeni, akaitoa mashua upesi jua likiwa bado kali. Kwenye ncha mawimbi yalikuwa madogo, lakini mawe meusi yalikuwa makali kama msumeno. Sasa ilikuwa kazi ya Josias. Alipapasa chini kwa kasia mpaka akapata ngazi ya mwamba ndani ya maji, akaweka nanga juu yake. Kamba ya mbele aliifunga kwenye jiwe kubwa, akaizungushia gunia ili isikatwe. Kati ya mashua na mawe alining'iniza magunia mengine yaliyojaa majani.

Nyiransabimana alimtazama akimaliza. "Hiyo sijaiona hapa," alisema. "Itabidi nifundishe bengine."

Asubuhi mashua haikuwa na hata mkwaruzo. Josias aliipapasa mbao moja baada ya nyingine, halafu akaipapasa tena.

Kule Kalehe viti vyote vilinunuliwa. Dada ya Kasoki aliposikia habari ya kuku, alimbeba Prodige na hakutaka kumweka chini.

Wakati wa kurudi, walikuwa wanakaribia ile ncha, jua likiwa bado juu ya milima. Mbele yao kulikuwa na mashua nyingine. Ndani yake walikuwa baba, mama na watoto watatu. Ilikuwa inageukia ghuba.

Kasoki alisimama, akamwita yule baba.

"Papa, musiingie pale. Kuko mazuku."

"Lakini maji yametulia, mama," alijibu yule baba.

"Yametulia kwa sababu upepo haufiki. Njooni huku kwenye ncha. Batoto balale juu, kwa mama mwenye shamba. Mashua tutaifunga pamoja, tuna magunia."

Yule baba alitazama ghuba, akatazama watoto wake. Mkewe alimwambia kitu kidogo. Akageuza kasia, akafuata.

"Yule mama ni fundi wa ziwa?" mtoto mmoja wa mashua ile aliuliza kwa sauti, akimwonyesha Kasoki kwa kidole.

"Ndiyo," alijibu Josias kutoka mbali, na akakaa wima kama mtu anayepigwa picha.