Maumivu ya Baba Mukhwana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nelima alifagia uwanja, akawasha moto na kupika chai. Siku hizi aliongeza kazi nyingine: kutega sikio mlangoni ajue baba ameamkaje.

Baba yake, Mukhwana, mkata miwa wa Kabuchai, hakuwa akitulia. Akiketi, anasimama. Akisimama, anazunguka nyumba. Tangu aanguke kutoka kwenye trela la miwa miaka mitatu iliyopita, mgongo haukumpa nafasi. Chai ikipoa, kelele. Mtoto akicheka, kelele. Jumapili moja alimwambia mama, "Mimi ni mzigo tu hapa. Heri mkae bila mimi." Nelima alisikia, akaogopa sana kwamba atampoteza baba yake.

Si kwamba Mukhwana hakwenda hospitali. Alikwenda mara nne! Lakini alitahiriwa Agosti ya mwaka wa 1978 mbele ya ukoo mzima, na hakupepesa jicho. Kwa Wabukusu wenzake, mwanamume hasemi ameumia. Basi kila alipoulizwa na daktari, alijibu, "Kidogo tu," akapewa dawa ya maumivu kidogo, akarudi nyumbani kuumia sana. Ushujaa gani huo, jamani?

Jumatatu moja ya likizo mama alikwenda sokoni Myanga, Nelima akamsindikiza baba hadi zahanati. Huko walimkuta daktari mgeni, mama mmoja aitwaye Jelimo.

"Unaumwa kiasi gani, mzee?"

"Ah, kidogo tu, daktari."

Jasho lilikuwa likimtiririka usoni. Nelima aliliona. Kumpinga baba mbele ya watu! Lakini akajikaza.

"Si kidogo, daktari. Halali usiku, mwaka wa tatu sasa. Hawezi kuinama avae viatu. Tena anasema ati heri tukae bila yeye."

"Wewe mtoto!" Mukhwana alifoka, akainuka ghafla, mgongo ukamkamata. Akashikilia meza, na machozi yakamtoka. "Ni kweli, daktari," akasema polepole. "Nimechoka. Nimechoka kabisa."

Jelimo akamsaidia kuketi. "Mzee, kisu cha tohara ulikistahimili asubuhi moja. Huu ni mwaka wa tatu! Maumivu yasiyotibiwa vizuri hula mwili, kisha hula moyo. Hiyo hasira, kukosa usingizi, kujiona mzigo, vyote ni sehemu ya ugonjwa, na vinatibika. Lakini mimi nitatibu vipi nisichoambiwa? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Bungoma. Huko alipigwa picha ya mgongo, akapewa dawa inayomfaa, akafundishwa mazoezi, na akapata mshauri wa kuzungumza naye.

Maumivu hayakuisha yote. Hata hivyo, baada ya miezi miwili Mukhwana alilala usiku, na watoto wakacheka bila woga. Jioni moja jirani yao Wanjala alipita njiani akauliza, "Mgongo vipi, bana?"

"Leo unauma sana," Mukhwana akajibu wazi. "Karibu uketi."

Kisha akamgeukia Nelima. "Mwanangu, siku ile nilidhani umeniaibisha. Kumbe ulinirudisha nyumbani. Anayeumia aseme, na anayemwona mwenzake akiumia asinyamaze."