Abiria Mmoja

Kiti cha dereva kilikuwa na joto. Keeley alikigusa kwa kiganja, akakigusa tena, maana ilikuwa Novemba, banda zima baridi tupu, na lori lile halikuwa limewashwa tangu Jumapili.

"Dale, ulikuwa umekaa humu?"

Mumewe alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. "Nikae saa ngapi na mimi niko huku naoga grisi? Labda paka."

Hawakuwa na paka.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford ya jeshi, tani tatu, ya mwaka 1942. Dale alikuwa amelihangaikia miaka minne: rangi ya kahawia na siyo kijani, taa za mbele zimezibwa kama wakati wa mabomu, na kule nyuma, chini kabisa, kitaa kidogo cha kumulika duara jeupe ili dereva anayefuata gizani asipotee. Klabuni kwao, ya wapenda magari ya vita, skrubu moja ya kisasa ilitosha mtu mzima achekwe mwaka mzima. Basi likabaki jambo moja tu, cheti cha safari, ile karatasi ambayo dereva wa jeshi hatoki getini bila kuwa nayo, na hilo Dale akamwachia mkewe. "Mwandiko wako mzuri, mpenzi. Ila weka jina la kweli. La kubuni majaji wa maonyesho wanalinusa."

Keeley, akisukuma kigari cha mtoto, akasimama penye mnara wa waliokufa vitani, mbele ya kanisa, akachagua. Hedley Sleight. Alilipenda tu lilivyokaa mdomoni. Dada wa marehemu, Bi Winifred, miaka tisini na sita, aliishi nyumba ya tatu kutoka pale, pazia liko wazi, Keeley alimwona kabisa akinywa chai yake, na hakubisha hodi. Akaandika: dereva, Sleight. Kwenda, Bayeux, Ufaransa. Abiria, mmoja. Hilo la abiria aliliongeza lipendeze. Na klabuni akasema huyo Hedley ni mjomba wa bibi yake, watu wakampa pole, naye akazipokea.

Baada ya kiti ikaja harufu. Saa nne asubuhi, jikoni, mkate uko motoni, na mara sufu iliyolowa mvua, tumbaku, petroli, kana kwamba mtu ameingia amesimama nyuma yake akingoja kuambiwa kitu. Keeley akageuka. Hakuna mtu. Akageukia kigari cha mtoto, nacho kitupu, na Orla, bintiye, ana miezi minane, hata kutambaa hajaanza.

Walimkuta ndani ya lori, kiti cha abiria, amefungwa blanketi la jeshi kwa mikunjo iliyonyooka kama bahasha.

"Umemweka wewe?" Dale akanong'ona.

"Mwanangu mwenyewe? Mimi?"

"Basi nani, Keeley?"

Keeley alijua. Alikichana kile cheti vipande vipande akavitia jikoni motoni, na siku hiyohiyo saa tisa alasiri, mtoto akiwa mapajani mwake, mapajani kabisa, akapepesa macho mara moja tu na mapaja yakawa mepesi, akatoka mbio bila viatu, akakuta lori limesogea hatua tatu kuelekea mlango wa banda na breki imevutwa, injini baridi, na Orla ndani yake anachekea kiti cha dereva kisicho na mtu, midomo imeanza kuwa ya buluu, mikono baridi kama samaki, na usukani, ee Mungu, usukani unajizungusha polepole kama wa mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Ndipo alipobisha hodi kwa Bi Winifred. Alieleza yote kwa mfululizo, mtoto kamkumbatia, mpaka na ule uongo wa klabuni, na kila neno lilimchoma likitoka.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Kila Novemba nalisugua jina lile kwa mswaki. Wewe umelichuma kama tufaha la njiani."

"Nisamehe, bibi. Huyo jini atamchukua mwanangu."

"Koma! Si jini, ni kaka yangu. Mtiifu mno, mjinga yule, hata mama alikuwa akimcheka. Ukimwandikia abiria mmoja, atampeleka mmoja."

"Nimekichana cheti."

"Amri haichanwi, binti. Anayeibadilisha ni yule aliyeitoa. Bado unazo karatasi tupu za cheti?"

"Ninazo."

"Basi andika jina la abiria. Niandike mimi."

Hapo Keeley alipaswa kusema hapana. Walau mara moja, kwa adabu tu. Alichosema ni, "Una kalamu?"

Bi Winifred akamtazama kidogo, akampa.

Walimsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi bandani, Dale akampandisha, mwepesi kama kuku. Keeley akaandika cheti kingine juu ya boneti: abiria, Bi Winifred. Harufu ya tumbaku ikajaa. Bibi akageukia upande wa dereva, akasema, "Hedley, mbona umekonda hivyo?" na sauti yake ilikuwa ya msichana. Kisha injini ikanguruma yenyewe, pumzi tatu, ikazima. Orla akalia kwa nguvu, mwekundu, wa moto. Bi Winifred hakusema tena.

Kijijini walijua tu kwamba ajuza aliomba kukaa kwenye lori kama la kaka yake, na moyo ukasimama kwa furaha. Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Kasisi alisema wema kama wa yule mama kijana, aliyempa mzee safari yake ya mwisho, ni adimu siku hizi, na watu wote wakageuka kumtazama Keeley. Naye akauficha uso kwenye nywele za mwanawe, wakadhani analia.