Asali Yenye Pilipili na Friji Bovu

Rafu ya Vitu Vipya ilikuwa karibu na mlango wa supamaketi, mahali ambapo huwezi kupita bila kugeuza shingo. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, matoroli yalikuwa yakigongana mbele yake. Kulikuwa na soseji za uyoga, tambi za unga wa muhogo, maziwa yaliyokamuliwa kwenye shayiri wala si kwa ng'ombe, na krispi za mwani, nyembamba kama karatasi, ambazo wasichana wawili walizitafuna mbele ya simu ili rafiki zao waone walivyokunja sura. Mwisho wa rafu, chini kabisa, usawa wa magoti, zilipangwa chupa za asali yenye pilipili. Hapo palikuwa na meza ndogo, na nyuma ya meza dada mmoja mwenye gauni la bluu, aproni ya njano iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na hereni za duara zilizocheza kila alipocheka.

Wafanyakazi wa pale walikwisha kumbandika jina: Vijiko. Ni kwa sababu ya vile vijiko vidogo vya mbao alivyowaonjeshea watu.

Kazi yake hasa ilikuwa ukeshia katika duka la rangi. Asali ilitoka kwenye mizinga ya shangazi yake aliyemlea, lakini kuitia pilipili ilikuwa akili yake mwenyewe. Alikuwa ameomba likizo ya wiki tatu, na wiki tatu hizo hizo ndizo Meneja wa supamaketi alizompa. Chupa mia na ishirini zikitoka, asali inabaki rafuni na Vijiko anaaga kazi ya rangi. Zisipotoka, nafasi anapewa mtu wa siki ya tufaha.

"Kitendawili," aliwaambia waliokusanyika.

"Tega," akajibu mzee mmoja aliyeegemea toroli lake.

"Mgeni wangu akiingia hubusu, akitoka huchapa."

Wakatazamana. Mmoja akasema mwenye nyumba, mwingine akasema sabuni ya macho. Mara sauti ikatoka chini ya friji la mtindi, ambapo palikuwa pamechomoza buti mbili na kipande cha ovaroli.

"Asali iliyotiwa pilipili."

Watu wakacheka. Vijiko akaweka mkono kiunoni. "Wewe umesoma lebo."

"Huku nilipo naona viatu vyako tu, dada. Kamba ya wa kushoto imelegea."

Aliinama akatazama. Kweli ilikuwa imelegea. Alipoinuka, mwenye buti naye alikuwa ameshatoka, mrefu, vumbi kwenye nyusi, spana mkononi, anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Alikuwa fundi wa mafriji. Vijiko akamnyooshea kijiko, na fundi akakimeza chote kwa mkupuo. Machozi yakamlengalenga.

"Unasemaje?"

"Tamu," akasema, sauti imekabwa.

"Unalia."

"Vumbi la huko chini hilo."

Akanunua chupa mbili, akaondoka akaisahau spana mezani. Hadi leo anashikilia kwamba alisahau kweli. Vijiko haamini.

Spana ilizaa namba ya simu, na namba ikazaa maneno. Kila siku jioni, maji ya chai yakianza kuchemka, simu ilikuwa inalia.

"Vijiko wangu, leo wameonja wangapi?"

"Wangu tangu lini? Umenilipia kodi?"

"Nimeuliza tu, bibie. Usinichape kabla hujanibusu."

"Fundi, chunga mdomo. Shangazi yuko kwenye simu nyingine."

"Msalimie. Mwambie kuna mkwe anatengeneza friji bure."

Na asali ikaanza kutoka. Wiki ya kwanza ilikuwa chupa mbili leo, tatu kesho. Wiki ya pili, kila Vijiko aliporudi kutoka kula mchana, alikuta pengo rafuni: chupa tano, siku nyingine sita. Alikimbilia kwa keshia wa mlango wa pili kuuliza nani amenunua. Keshia alifuta mashine yake iliyokuwa safi tayari, akasema, "Wateja tu, mpenzi." Vijiko alirudi mezani akiruka kama mtoto aliyevuliwa viatu. Akampigia shangazi ajaze chupa sitini nyingine. Meneja, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akapita na kusema, "Mwendo ukiwa huu nitaipeleka kwenye matawi yote manne."

Jumanne ya wiki ya tatu Vijiko hakuweza kusubiri jioni. Alivaa blauzi yake nyeupe yenye vifungo vya lulu, akanunua kuku wa kuchoma na juisi ya ukwaju, akaenda karakana ya fundi bila kupiga simu. Fundi alikuwa ametoka kufuata gesi. Jirani yake, mama wa cherehani, akamwambia aingie tu, mlango haufungwi mchana.

Ndani mafriji yalisimama kama abiria wanaongoja. Moja tu lilikuwa likinguruma, la zamani, rangi ya maziwa, mlango umekaa upande. Vijiko akaona aweke juisi ipoe. Akafungua.

Taa ikawaka. Chupa zake zilikuwa zimejipanga safu kwa safu, lebo zimetazama mbele, na juu ya kila lebo mwandiko wake mwenyewe. Hakuna iliyofunguliwa. Alizihesabu kwa kidole, akafika arobaini na saba.

Fundi akaingia na mtungi begani. Alipoona mlango ule uko wazi, akautua mtungi polepole sana.

"Unakula pilipili wewe?" Vijiko akauliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nina vidonda vya tumbo. Daktari alinikataza mwaka juzi."

"Na siku ile?"

"Siku ile wewe ulikuwa umeshika kijiko."

Siku nyingine angecheka. "Fundi, shangazi amejaza chupa sitini kwa ajili ya hizi. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko hapa kwenye pochi. Kila jioni ulikuwa unaniuliza wameonja wangapi, na aliyenunua ni wewe."

"Nilitaka uifikie ile mia na ishirini. Nilikuona unavyoinama kwenye rafu ile ya chini..."

"Mimi nilitaka kujua kama ni nzuri." Akaufunga mlango wa friji. "Hicho tu. Sasa sijui. Wewe ndiye uliyeninyima kujua."

Aliondoka, kuku akabaki juu ya meza, amefungwa vizuri kwenye karatasi yake.

Jumatano alimwambia Meneja ukweli wote, amesimama wima mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Meneja alivaa miwani, akaivua. "Zitoe kwenye hesabu hizo arobaini na saba," akasema. "Una mpaka Jumamosi jioni. Na dada, wengine wangenyamaza." Basi. Siku ile zilitoka chupa mbili.

Simu ya fundi ililia mara tisa, haikupokelewa. Ya shangazi ilipokelewa.

"Mwanangu, alikula hata moja?"

"Hawezi, shangazi. Ana vidonda vya tumbo."

Shangazi akaguna. Kisha kicheko cha chinichini kikapanda mpaka kikawa kikohozi. "Chupa arobaini na saba anunue za kitu asichoweza kukila. Pole ya moyo wako, amekosea, tena sana. Lakini mimi nimeishi na mume miaka thelathini asiyejua napenda chai na sukari ngapi."

"Shangazi, uko upande wa nani?"

"Wako. Ndiyo maana nacheka."

Alhamisi mchana palikuwa na foleni fupi mezani. Bibi mwenye kapu akaonja akapita, akafuata mtu mwenye ovaroli safi iliyokunjwa mikono. Vijiko hakuinua macho.

"Onja, mteja."

"Siwezi, dada. Nina vidonda vya tumbo."

Kijiko kikabaki hewani. Fundi akatoa daftari la shule kwapani. "Sikuja kununua. Sitanunua tena hata moja. Tangu Jumanne jioni, kila nyumba niliyotengeneza friji nimeacha chupa. Sikusema ni ya nani. Niliwaomba wanionjee, waniambie ukweli, na nimeandika walivyosema. Mengine yatakuudhi."

"Soma."

"Muuza dawa: inachuruzika, imemharibia mkono wa gauni, hataki tena. Mwalimu wa darasa la pili: watoto wake walilia, wakanywa maji, wakaomba nyingine. Mzee wa ghorofa ya tatu: hajui kwa nini mtu aiadhibu asali. Mama wa cherehani..." Akafungua ukurasa wa pili. "Huyu alimaliza chupa siku moja, na mkate. Na wengine watano wamesema neno moja na lake, kwamba imekaa kwenye mkate kama siagi. Wameniuliza inauzwa wapi."

"Kama siagi? Asali yangu ni maji."

"Ya rafuni ni maji." Akatoa chupa mfukoni. "Zile safu za nyuma, zilizokaa karibu wiki mbili ndani ya lile friji. Ni friji bovu, linapoa nusunusu, kila siku najiambia nitalitengeneza. Asali imeganda. Mimi nilidhani nimeiharibu."

Vijiko akaishika. Ilikuwa imebadilika rangi, nyeupe kama malai, vipande vya pilipili vimetulia ndani yake kila mahali badala ya kuzama chini. Akachovya kijiko, akapaka kwenye kipande cha mkate alichoazima kwa dada wa meza ya jirani. Haikuchuruzika. Ililainika juu ya ulimi taratibu, ikakaa, na pilipili ikaja nyuma yake bila haraka, kama mtu anayepiga hodi.

Alisahau kwamba amenuna.

"Fundi. Zimebaki ngapi kama hii?"

"Ishirini na tisa."

"Zilete zote Jumamosi. Za kuonjesha, haziuzwi. Na hilo daftari."

"Umenisamehe?"

"Nimekwambia ulete asali. Kusamehe tutaangalia na hali ya hewa."

Jumamosi alivaa gauni jekundu chini ya aproni ya njano, na mkate ukakatwa vipande vidogo kama vya karamu. Wale wasichana wa mwani walikuwa wamerudi na simu yao. Safari hii hawakukunja sura. Mmoja alifumba macho, akafumbua, akamwambia mwenzake azime kamera kwanza ale vizuri. Watu wakageuza matoroli. Vijiko hakuwa na ya kuwauzia, akawaambia waziwazi: hii ya kupaka itachukua majuma mawili kuganda, anayeitaka aandike jina na namba. Fundi alisimama mbali, karibu na friji la mtindi, mikono nyuma, kama aliyekatazwa kugusa.

Kufikia saa kumi na moja kurasa nne zilikuwa zimejaa. Meneja akaja akafunua moja moja.

"Mia na thelathini na sita," akasema. Akamkazia macho fundi. "Hawa ni watu kweli, au ni mafriji?"

"Wapigie," Vijiko akasema.

Meneja akafumba macho, akashusha kidole katikati ya ukurasa, akapiga, akaweka sauti ya nje. Simu ikaita mara tatu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Napiga kutoka supamaketi, mama. Ni kuhusu asali ya kupaka."

"Imefika?"

"Bado, mama, majuma ma..."

"Sasa mnanipigia ya nini? Mume wangu amelamba kile kipande nilichomletea kwenye tishu, tangu aingie hapa hanipi nafasi. Niandike mbili. Na msinisahau." Akakata.

Meneja akakunja daftari, akavaa miwani. Kisha akainama mwenyewe, na gauni lake refu hivyo hivyo, akazitoa chupa za asali kwenye rafu ya chini, moja baada ya nyingine, akazipanga katikati, usawa wa macho. Siki ya tufaha akaipeleka chini. "Mpaka za kupaka zije," akasema, akaenda zake.

Vijiko alikaa juu ya kreti la soda. Fundi akasogea.

"Nilipitia majina yote," Vijiko akasema bila kumtazama. "La kwako halimo."

"Nilikuahidi."

"Nilikuwa nalitafuta ili nikasirike."

"Na sasa?"

"Sasa nimekosa cha kukasirikia, na inaniudhi."

Fundi akakaa kwenye kreti la pili, magoti yao yakagusana. Spana ilikuwa imechomoza mfukoni mwake. Akaichezeachezea, akairudisha.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nyumba yangu ni ya baridi. Mlango ukifunguliwa, taa inawaka. Ukifungwa ni giza, na kila kilichomo ndani kinangoja ufunguliwe tena."

"Friji. Mtoto wa chekechea anajua."

"Si friji."

Hereni zikatulia. "Basi nimeshindwa. Nikupe mji?"

"Sitaki mji. Ni chumba changu, Vijiko. Tangu Jumanne uliyofungua ule mlango, ndivyo ninavyoishi. Nataka uje ukae, na shangazi yako nimpelekee watu wangu wiki ijayo, kwa heshima. Nilikuwa niseme kwa maneno mazuri zaidi, ila nimeyasahau."

"Kama spana."

"Spana niliisahau kweli."

Vijiko akatoa kwenye pochi ile barua ya kuacha kazi ya rangi, akainyoosha juu ya goti, akaikunja upya vizuri zaidi. Kesho kutwa ataipeleka. Kisha akainama, akaifunga kamba ya kiatu chake cha kushoto, taratibu, ili mtu asimwone uso.

"Njooni Jumapili," akasema kutoka huko chini. "Shangazi atapika, na chakula chako atakitenga, hakina pilipili. Nimeshamwambia tangu juzi."

"Tangu juzi?"

"Usiulize sana. Nina sharti moja."

"Sema lolote."

"Lile friji bovu, Fundi, usilitengeneze."