Shemeji Alinipangia Majani ya Ngoro, Akakatwa Mkono

Nina umri wa miaka hamsini na tisa, mama wa mtoto mmoja, na mbavu zangu za kushoto huuma kila mvua inapokaribia. Majirani zangu hapa Lipingo hunitania kwamba hawana haja ya redio kujua hali ya hewa, wananiuliza mimi. Nami hucheka nao. Hawajui mbavu hizi zilivunjwa na nani, wala kwa sababu gani... Leo nawaambia ninyi, wasomaji wenzangu.

Mimi ni Mnyasa, mtoto wa ufukweni, niliyekuzwa kwa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na ugali wa muhogo. Niliolewa na Mmatengo, nitamwita Osmund, tukaishi Mbinga mjini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, ambayo zamani iliuzwa kwa chama cha ushirika peke yake. Osmund akaacha ukarani, akawa wakala wa wanunuzi hao. Akapata pikapu. Akapata na marafiki, tena wengi!

Kila Ijumaa jioni tulipanda milimani kijijini kwao, alikojenga nyumba ya bati jirani na ya mama yake. Tulikaa huko hadi Jumapili.

Jamani, nilizipenda wikiendi zile! Asubuhi ukungu umelala mabondeni, mimi nimevaa mabuti ya mvua, niko bustanini na binti yangu Skola, wakati huo anaanza kusema maneno yake ya kwanza. Nilipanda kabichi, karoti na vitunguu. Mlangoni nilipanda maua mekundu ambayo mama mkwe aliyacheka sana, akiniuliza kama tutayapika. Wageni wa mjini walipofika, walitembezwa kwanza bustanini kabla ya kukaribishwa kiti. Nilijiona nimefika.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kulima ngoro. Kwa msiolijua jambo hili, Wamatengo wanaishi kwenye miteremko mikali, na mvua ya huko ingebeba shamba lote hadi bondeni. Kwa hiyo majani yaliyofyekwa hupangwa chini kwa mistari inayokatizana, shamba zima likawa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Panabaki kishimo cha kutuliza maji, na kwenye matuta yanayokizunguka unapanda maharage. Kupanga majani ni kazi ya mwanamume, kuchimba na kufunika ni kazi ya mwanamke.

"Majani ya mke hupangwa na mume wake," mama mkwe aliniambia.

Mimi nilidhani ni mgawanyo wa kazi tu! Kwetu ziwani yeyote mwenye nguvu anashika jembe, awe mjomba, awe jirani. Ningejuaje kwamba kule mlimani maneno yale yana uzito mwingine?

Osmund alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja nyama ya mbuzi ilichelewa kuiva, akanizaba kibao mbele ya wageni, sufuria ikanimwagikia miguuni. Wageni walitazama glasi zao. Siku nyingine alimpiga mbwa wetu teke mpaka akafa, eti alimbwekea bosi wake. Halafu jioni huyohuyo anamwimbia mtoto! Mimi nikawa najifunza kumsoma uso kabla sijamsogelea.

Aliyenikanda kwa maji ya moto alikuwa Edina. Huyu tulitoka naye kijiji kimoja, tulisoma darasa moja, tukavaa magauni ya kubadilishana. Alikuwa akiuza mitumba sokoni Mbinga na alikuwa hajaolewa. Nilimwonea huruma kwa upweke wake, nikamwambia asikae peke yake wikiendi, apande nasi pikapu. Akawa haikosi hata moja. Ana kitanda chake, ana kikombe chake. Nilimwamini kuliko ndugu zangu.

Sasa nimwingize mtu wa mwisho, na huyu ndiye ananiliza hadi leo. Osmund alikuwa na mdogo wake, Longino. Mpole, mcheshi, mtu wa kuamka na jembe. Baba yao alipofariki, Longino alirithi kahawa iliyo kando ya barabara, mibuni mikubwa iliyokwisha kukomaa. Bei ilipopanda, Osmund akaitaka sehemu ile. Alitaka ajenge banda la kukusanyia kahawa na nyumba ya wageni wake. Longino akakataa kwa adabu.

"Kaka, hii ndiyo sahani ya wanangu," alimwambia. "Nikikupa, watakula wapi?"

Osmund alicheka tu, akampiga mgongoni. Nilifurahi nikijua yamekwisha.

Ikafika Machi, msimu wa maharage. Vibarua walikuwa wamefyeka shamba langu na majani yamekauka, yanangoja kupangwa tu. Ijumaa ile tulipanda mlima kama kawaida. Wageni walikaa nyuma ya pikapu na kreti za bia, wakiimba kwa kelele hata wasisikie kitu. Mbele tulikuwa Osmund kwenye usukani, Edina katikati, mimi dirishani nimempakata Skola. Tulipofika kwa Longino, Osmund akasimamisha gari, akatoa kichwa nje.

"Longino! Kesho mpangie shemeji yako majani. Mimi nina wageni."

"Haya kaka, nitampangia," Longino akajibu, akapunga mkono.

Ule mkono, wasomaji wenzangu...

Jumamosi akaja. Mama mkwe hakuwepo, alikwenda kumwangalia mke wa Longino aliyekuwa kwao akijifungua. Angekuwepo yeye, angemfukuza Longino shambani kwa mawe! Lakini nilikuwepo mimi, mgeni wa mila. Alipanga yale majani kwa mistari iliyonyooka, nami nyuma yake nachimba na kufunika, Skola anachezea udongo. Tulikuwa tunataniana kwa sauti. Wapita njia walitusalimu, na baadhi yao waliguna. Nilidhani wanasifia kazi.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika kwenye sengu. Ni desturi ya ukoo kula pamoja uwanjani kwa mkubwa wao, na baada ya kula mambo ya familia huzungumzwa hapo hapo. Mkubwa alikuwa baba mkubwa wa Osmund. Wanaume walikaa upande wao, sisi wanawake upande wetu, na Edina kando yangu anachambua maharage kwenye ungo.

Osmund akasimama. Hakuwa amelewa, nataka mlijue hilo. Akauliza kwa sauti ya upole kabisa, ni nani aliyempangia mkewe majani ya ngoro.

Longino akacheka, akidhani ni utani wa kaka yake. Akanyoosha kidole juu mfano wa mwanafunzi. "Ni mimi, kaka! Si umeona mistari ilivyonyooka?"

Hakuna aliyecheka. Wazee waliangalia chini. Baba mkubwa akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba mwanamume anayempangia majani mke wa mtu bila kutumwa na mume mwenyewe anakuwa ametangaza kwamba analala naye. Na hapo hapo Osmund akaongeza kwamba amekuwa akisikia habari zetu siku nyingi.

"Kaka, si wewe uliyenituma?" Longino alisema. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Nikutume kwa mke wangu? Mimi ni mwendawazimu?"

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba mkubwa. Alimtuma, nimesikia kwa masikio yangu. Ijumaa, tukiwa ndani ya gari. Na Edina alikuwa katikati yetu. Muulizeni Edina!"

Wote wakamgeukia. Nilimtazama rafiki yangu kwa furaha, niwaambie ukweli, nikiamini tumekwisha kupona. Edina aliendelea kuchambua maharage. Aliokota jiwe moja, akalitupa.

"Mimi sikusikia kitu," alisema.

Mungu wangu! Mmewahi kutamani ardhi ipasuke? Nilimwita jina lake. Nikamwita tena. Hakuinua uso.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Osmund alinishika nywele akaniburuta hadi katikati ya uwanja. Alinipiga teke la ubavu na nikasikia kitu kimevunjika ndani yangu. Akapiga tena palepale. Nilikuwa nalia kwa kilugha, kwa Kinyasa, ambacho pale hakuna aliyekielewa isipokuwa mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa ameshika ungo. Skola alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Longino ndiye aliyeruka. Wazee wote walikaa, yeye akaruka! Alimkumbatia kaka yake kwa nyuma, akimsihi, "Kaka, utamwua, mwache, nipige mimi." Osmund akajinasua. Ukutani palikuwa na nyengo, ile ya kufyekea, yenye makali yaliyopinda. Aliichomoa. Longino akainua mkono wa kulia kujikinga uso.

Nyengo ilipita juu kidogo ya kifundo cha mkono na kuacha kiganja kinaning'inia kwenye ngozi. Damu iliruka hadi kwenye sahani za ugali. Longino hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kwa mshangao, akasema, "Kaka?" kisha akaanguka.

Pikapu ilikuwepo hatua chache kutoka pale. Osmund aliweka ufunguo mfukoni! Vijana walimfunga Longino kwa khanga, wakambeba kwenye kitanda cha kamba kwa miguu, wakiteleza matopeni na mvua inawapiga, hadi barabara kubwa. Huko lori la magunia liliwasaidia. Alipona, lakini mkono waliukata hospitalini.

Na haki je? Haki gani! Osmund alieleza kila mahali kwamba amefumania, na shahidi wake alikuwa rafiki wa mke mwenyewe. Wazee wakasema mkono uliokatika ni bahati mbaya ya hasira, ila faini ya ugoni iko palepale. Osmund akaulizwa anataka faini gani. Hakuhitaji muda wa kufikiri. Akaitaja kahawa ya kando ya barabara...

Mimi nilirudishwa Lipingo na mbavu zangu zilizovunjika. Skola alibaki kwa baba yake. Bustani yangu Osmund aliifyeka yote kabla sijaondoka, akinitazama, hadi yale maua mekundu ya mlangoni. Na mvua nyingine haijaja, Edina alikuwa amelala kitandani kwangu.

Kilichonitafuna zaidi hakikuwa mume. Mume wa namna ile anatafunwa na nani? Kilichonitafuna ni kwamba mwanangu anakua akiambiwa mama yake alikuwa malaya wa shemeji yake, na mdomo pekee unaoweza kukanusha ndio unaompikia uji. Nilimwandalia zawadi kila Krismasi. Zilirudishwa. Alipokuwa mkubwa wa kuelewa, alinitumia salamu kupitia mtu wa Mbamba Bay, kwamba nisimtafute. Siku ile nilikaa mchangani nikalia mbele ya wauza samaki bila haya.

Miaka ikaenda. Nilianza kulima mlima ulio nyuma ya nyumba ya baba yangu. Watu walinishangaa, Mnyasa anachimba ngoro! Nilipanga majani mwenyewe na kuchimba mwenyewe. Nani angenishitaki?

Mchana mmoja nikiwa kwenye hiyo ngoro, niliona wanawake wawili wanapanda njia. Wa nyuma alikuwa binti mrefu, na mwendo wake ulikuwa wa mama yangu. Jembe likanidondoka. Skola! Wa mbele sikumtambua mara moja, maana taya lilikuwa limevimba upande, jicho limefunga, na mdomoni meno ya mbele hayapo. Alipofika alipiga magoti kwenye udongo.

"Dada," Edina alisema. "Nilisikia."

Basi. Neno moja, lililochelewa utoto mzima wa mwanangu.

Skola akaeleza mengine. Baba yake alikuwa amemzulia Edina kisa kilekile, kwamba analala na kijana anayewapimia kahawa. Edina aliapa, akaita mashahidi, wote wakasema hawakuona kitu. Usiku huohuo alimweleza Skola yale ya Ijumaa ile, na kwamba Osmund alikuwa amemwahidi ndoa tangu zamani.

Mnadhani nilimkumbatia? Hapana! Nilimpiga kofi moja, na silijutii. Kisha nikamkanda taya kwa maji ya moto, maana ndivyo alivyonikanda mimi. Nikamwambia maneno yale asiniambie mimi, mimi nayajua. Akamwambie Longino.

Tulipanda mlima watatu. Tulimkuta Longino kwenye kipande cha mteremko alichoazimwa na wajomba zake, kigutu cha mkono wa kulia amekikandamiza ubavuni, anapanga majani kwa mkono wa kushoto. Mistari ilikuwa imepinda. Edina akapiga magoti tena, akasema yote, akilia. Longino alisikiliza hadi mwisho.

"Basi?" aliuliza.

Edina akaitikia kwa kichwa. Longino akainama, akaendelea na kazi yake.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi akina mama mnaojaza nyumba zenu watu kila wikiendi, nawasihi. Msidanganyike na wanaojua kucheka mezani kwenu. Mume akikuinulia mkono mara ya kwanza, ondoka siku hiyohiyo, usingoje mwingine akatwe mkono kwa ajili yako. Na wewe uliyesikia, sema ukiulizwa, palepale, mbavu zikiwa bado nzima. Ukweli wa Edina ulikuja, ndiyo. Ila haukuweza kushika jembe.

Siku ile mlimani, mimi nilibaki kando ya shamba la shemeji yangu. Skola ndiye aliyevua viatu. Aliingia shambani, akachukua mzigo wa majani, akainama mbele ya baba yake mdogo na kuanza kuinyoosha mistari.