Kalibu ya Udongo wa Shimo

Haya sikuyapata kwa jirani wa jirani. Yaliwakuta mdogo wangu Stanslaus, tumbo moja na mimi, na mkewe Scolastika, hapa hapa Buseresere. Duka langu la rangi na gereji yake vinagawana ukuta, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu. Mimi ni mtu wa kanisani, na habari za uchawi nilizoea kuzicheka. Siku hizi sicheki sana.

Stanslaus ni fundi wa faiba. Bampa zilizopasuka, matenki ya maji, boti za ziwani, yote huletewa yeye. Kazi alijifunza Mwanza kwa mzee mmoja muunda boti, akarudi na neno alilolipenda kuliko hata ufundi wenyewe: kalibu. Kwa mafundi wengine ni moldi tu, lile umbo la udongo ambalo unatandaza nyuzi za faiba juu yake na kupaka resini, ikikauka unaibandua kama ganda. Kwake yeye ni kalibu. Nilimtania sana kwa hilo, maana sisi Wasukuma herufi R hutugomea mdomoni. Mgeni akibisha hodi, Stanslaus humwambia "Kalibu." Akiinua umbo lake la udongo, nalo kalibu.

Mwaka ule tulikuwa na furaha. Scolastika alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kutoka zikiwa changa. Tulimtunza kama yai. Hata ndoo ya maji hakuruhusiwa kuinua.

Jumatatu moja asubuhi akaja Mageni na gari lake, Datsun ya zamani ya milango miwili, pua ndefu, rangi ya chungwa, ambayo mhandisi mmoja wa mgodi wa Mwadui aliwahi kuikimbiza mashindanoni enzi za ujana wake. Alitaka awekewe spoila, lile bawa la urembo, nyuma juu ya buti. Stanslaus akakubali kabla mteja hajamaliza kusema. Gari kama lile halikuwahi kukanyaga uwanja wake, akawa analizunguka akilipapasa kama ng'ombe wa mahari.

Mimi Mageni nilimjua kwa jambo jingine. Ana maduara ya dhahabu upande wa Geita, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Mvua zilizopita duara lake moja lilititia, na kijana mmoja aitwaye Maduhu akabaki chini. Waliokuwa juu walisema walimsikia akigonga mwamba kwa jiwe. Mageni akasema hiyo ni ardhi tu inajipanga, akaamuru shimo lifukiwe. Hakuna aliyebishana naye kwa sauti. Nilimsihi Stanslaus aiache kazi ya mtu yule. Akanijibu kwamba gari halina dhambi.

Mageni alileta na kiroba cha udongo mwekundu wa machimboni kwake, akisema unashika vizuri kuliko wa hapa. Halafu, kana kwamba hajui, akauliza udongo huo utafanya kazi gani. Stanslaus, kwa majivuno yake, akamweleza habari za kalibu. Mageni akamwomba alirudie neno hilo. Kisha akalirudia mwenyewe kwa sauti ndogo, akaondoka kwa bodaboda.

Udongo ulishika kweli. Stanslaus akalifinyanga umbo la spoila, akalipaka nta, akatandaza faiba tabaka juu ya tabaka. Ilipokauka akaibandua, akaunganisha kipande cha juu na cha chini, ndani ikabaki tupu. Akapiga msasa, akatoboa buti kwa drili, akaifunga kwa bolti. Ilipendeza, siwezi kumnyima sifa zake.

Kilichobaki kilikuwa kukagua. Faiba hukaguliwa kwa sikio: fundi hugonga kwa kifundo cha kidole, na mlio humwonyesha palipobaki hewa kati ya tabaka. Mageni alikuwa ameagiza kwamba kazi hiyo isifanyike bila yeye kuwepo. Akaja mchana, jua la utosi. Scolastika alikuwa ameleta chakula cha mumewe, amesimama karibu na gari. Mimi nilikuwa mlangoni.

Stanslaus akagonga. Spoila ikalia vizuri.

Kisha ikagongwa kwa ndani.

Akadhani bolti imelegea. Akaikaza. Akagonga tena, polepole, mara mbili. Ndani kukagongwa polepole, mara mbili.

Mageni hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha kwanza. Alikuwa ameinama kidogo, kama mtu anayesubiri simu ipokelewe. Akanyoosha kidevu kuelekea lile umbo la udongo lililoegemezwa ukutani.

"Fundi," akasema taratibu, "lile unaliitaje?"

Stanslaus hakubandua macho kwenye spoila. Akanong'ona, "Kalibu."

Kugonga kukakoma. Scolastika akashika tumbo, akasema mtoto ameruka. Mageni akashusha pumzi ndefu, akashukuru, akawasha gari na kwenda zake. Baadaye tukakubaliana kwamba ni joto, faiba hutanuka.

Wiki hiyo hiyo Scolastika aliniambia neno, nusu mzaha.

"Wifi, huyu siku hizi hachezi. Anabisha hodi."

Nilimcheka. Nikamwambia atakuwa fundi kama baba yake. Kliniki walimpima wakasema mtoto yuko salama, mapigo ya moyo mazuri.

Halafu akaja dukani Salome, mke wa Mageni, kununua rangi nyeupe ya sebule. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwenye homa ndefu. Nilimuuliza ukuta umepatwa na nini. Akaangalia nyuma yake kwanza.

"Mama Noela, tangu mvua kuna mtu alikuwa anagonga ndani ya ukuta wetu. Tulihama chumba, naye akahama. Mtaalamu akasema hatoki mpaka apate wa kumkaribisha, na asiwe sisi." Akatabasamu. "Sasa tunalala gete, usingizi wa kweli. Kuna mtu kamwitikia."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu gari liliporudi na spoila.

Nililiacha duka wazi nikakimbilia kwao. Scolastika alikuwa amelala kwenye mkeka, amechoka na joto. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake. Kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikaanza kujiona mjinga.

Kisha chini ya kiganja changu, polepole, mara mbili.

Nilitoa mkono. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Nilimweleza Stanslaus, naye hakupiga kelele. Alikwenda kwa Mageni akarudi amepauka. Alikuwa amejibiwa kupitia dirisha la gari: "Mimi sijamkaribisha mtu, fundi. Wewe ndiye." Akakaa juu ya tairi, akalia.

"Nilitaja moldi tu, dada," akasema. "Moldi tu."

Tukakubaliana Scolastika asiambiwe. Mwanamke aliyekwisha kupoteza mimba mbili, ungeanzia wapi?

Alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mnene. Ngumi zake zilikuwa zimekunjwa hazifunguki, na muuguzi akasema watoto wote huwa hivyo. Akaanza kulia. Akalia usiku, akalia mchana, ziwa akilikataa. Kwetu mtoto wa namna hiyo tunasema analilia jina, anataka aitwe kwa jina la mtu aliyetangulia. Tukamwita Herman, jina la babu yake. Akalia. Ndaki. Akalia. Tukayamaliza majina ya ukoo wote, na sauti yake ikawa ya kukwaruza, si sauti ya mtoto.

Mimi na Stanslaus tulilijua jina lililobaki. Alinikataza nisilitaje. Alisema tukilitaja tutakuwa tumempokea mtu mwingine, na mwanawe hatakuwepo tena. Nikamwambia tusipolitaja tutamzika. Hospitali walikuwa wamekwisha kusema kwamba asiponyonya hafiki Jumapili. Tulikuwa tukigombana hivyo kwa minong'ono nje ya dirisha, na mtoto ndani anafifia.

Stanslaus akatoka kwenda kutafuta maziwa ya kopo. Niliingia ndani. Scolastika alikuwa ameinamia sikio la mtoto, nywele zimemfunika. Akanong'ona.

"Maduhu."

Mtoto akanyamaza. Akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa.

Nilimuuliza nani kamwambia jina hilo.

"Mwenyewe," akasema bila kuinua macho. "Tangu tumboni. Alitaka kutoka tu, wifi. Sasa ametoka, basi."

Alikuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja. Wakati huo zile ngumi zikalegea, kidole kimoja kimoja. Nikaona kucha. Zilikuwa zimelika mpaka nyama, zote kumi, zimevunjika vunjika kama za mtu aliyechimba kwa mikono.

Tukasikia viatu vya Stanslaus uani. Scolastika akavuta khanga, akaifunika ile mikono kabla hajaingia.

Sasa mtoto anatembea. Ni mzima, anacheka, anampenda sana baba yake. Mama yake humvalisha soksi mikononi hata jua likiwaka, na zile kucha hazijaota.