Kreni Juu ya Mapaa ya Watu

Kipande cha zege kilitua hatua mbili mbele ya Sindano, kikapasuka. Ilikuwa saa nne asubuhi, njia imejaa watu, na wote walitawanyika isipokuwa yeye. Fundi cherehani huyo, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, alikuwa amevaa gauni la rangi ya machungwa alilolishona mwenyewe. Aliliinulia uso ghorofa lililokuwa likijengwa, akapaza sauti, "Nani huyo anataka kuniua?"

"Si mimi, dada. Mimi ndiyo kwanza naenda kupanda."

Aliyejibu alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia ngumu ya manjano. Wenzake walimwita Twiga.

"Kupanda kufanya nini?"

"Naendesha kreni."

"Basi siku utakayopitisha mzigo juu ya paa letu, nitakufuata hukohuko."

"Ngazi ni mia tatu, mrembo."

"Miguu ninayo."

Twiga alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaomba namba ya simu. Sindano alimpa, ati ili ajue wa kumshtaki.

Tangu hapo kila adhuhuri simu ililia katikati ya mlio wa cherehani.

"Nakuona mlangoni. Hiyo blauzi ya bluu imekukaa, mpenzi."

"Acha kunichungulia, angalia vyuma vyako!"

"Vyuma havinichekei. Na nimekuahidi, mzigo wangu hautapita juu yenu."

Aliamini. Ndiyo maana Alhamisi ile fungu la nondo lilipopita juu ya nyumba zao, na nondo moja ikachomoka, ikatoboa bati na kumvunja mkono mama mdogo aliyemlea, Sindano hakutaka kusikia la mtu. Simu ilimkuta hospitali.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Umemvunja mama yangu."

Akakata, akaifunga namba yake isimpigie tena. Akalia chooni, akanawa uso, akatoka kwenda kugonga milango ya majirani.

Msimamizi wa ujenzi aliwapokea akiwa ameketi. "Mji unakua, mama zangu. Mvumilie kidogo."

"Tuvumilie nondo?" Sindano aliuliza. "Weka wavu. Funika njia ya watu. Hutaki, hapapiti lori hapa."

Jumatatu asubuhi walitandika mikeka mbele ya geti. Mlinzi alimwinamia Sindano akanong'ona, "Dada, yule kijana unamlaumu bure. Alhamisi alikataa kuzipitisha zile nondo juu ya nyumba zenu, wakamteremsha, wakampandisha mwingine. Huyo mwingine katoroka, ndiyo maana leo wamemrudisha."

Sindano aliifungua namba, akapiga.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

"Nisamehe. Nilikata kabla ya kupima."

"Na fundi mzima wewe!" Sauti yake ilikuwa na kicheko, kisha kikaisha. "Huyu bwana msimamizi ananiamuru niinue mzigo, nanyi mmekaa hapo chini."

"Utafanyaje?"

"Nashuka."

Mkono wa kreni ulisimama. Baada ya muda Twiga alitokea uani, shati limelowa jasho mgongoni. Msimamizi alimfuata mbiombio.

"Ukivuka geti hilo, kazi huna!"

"Nipe wavu nitafanya kazi mpaka usiku. Bila wavu, mtafute mwenye roho ya kuua."

Akavuka. Akaketi kwenye mkeka, bega kwa bega na Sindano, huku lori la saruji likija likipiga honi.

"Sina kazi tena," alisema.

"Naona."

"Nilitaka kukuuliza nikiwa nayo. Sasa nakuuliza hivihivi. Nikuoe?"

"Umechagua mahali!"

Honi ikalia tena, ndefu. Sindano alisimama mbele ya lori, mikono kiunoni. "Kaka, subiri! Huoni naposwa?"

Wanawake waliangua kicheko. Dereva akazima injini, akatoa kichwa dirishani. "Basi mjibu, dada, tujue moja."

"Namjibu. Twiga, nimekubali. Na wewe kaka, geuza lori."

Dereva aligeuza. Siku ya pili wakaguzi wa jiji, habari zikiwa zimewafikia, walifika, wakaona paa lililotoboka, wakasimamisha ujenzi. Haukuanza tena mpaka jengo zima lilipozungushiwa wavu, na Sindano mwenyewe aliuvuta kuupima kwa mikono miwili, fundo baada ya fundo, kabla ya kuondoka getini.